Jina Moja, Ngeli Nyingi: Jina la Ukoo Sverdrup na Mahali Linapoitwa Katika Ncha za Dunia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jina la ukoo la Kinorwe, Sverdrup, ambalo lilianza likiwa jina la mahali, likawa jina la watu, likarudi kuwa jina la mahali katika Aktiki na Antaktiki, na hatimaye likawa jina la kipimo cha mikondo ya bahari. Hoja yetu ni kwamba kila hatua ya safari hiyo ni badiliko la kisarufi na vilevile ni badiliko la mamlaka. Na kwamba upatanisho wa kingeli wa Kiswahili huyadhihirisha mabadiliko ambayo lugha zilizolieneza jina hilo huyaacha yakiwa yamefichika. Makala yanajadili pia utata wa a-unganifu katika majina ya mahali yanayotokana na watu, na yanapendekeza namna ya kuliandika jina hili katika matini za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kuupitia mswada wa tafsiri ya kitabu cha jiografia ya bahari. Katika kurasa zisizozidi tatu, mfasiri alikuwa ameandika "Visiwa vya Sverdrup", "Milima ya Sverdrup" na "Sverdrup 30 hupita hapa kila sekunde", kisha akaweka tanbihi moja tu: kwamba Sverdrup alikuwa mpelelezi wa Kinorwe aliyeishi kati ya 1854 na 1930. Tanbihi hiyo ni sahihi kwa visiwa. Kwa milima na kwa kipimo ni kosa, kwani hivyo viwili vimepewa jina la mtu mwingine, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1957. Simlaumu mfasiri. Alikuta umbo moja, lenye herufi kubwa mwanzoni, akalichukulia kuwa linarejelea kitu kimoja, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Kosa hilo dogo lilinipeleka mbali kuliko nilivyokusudia. Nadharia za onomastiki zimezoea kuyatenga majina ya watu na majina ya mahali katika sura mbili tofauti, kana kwamba ni mifugo ya mazizi mawili. Jina la Sverdrup halikai zizini. Limevuka ua mara tatu, na kila lilipovuka kulikuwa na mtu aliyefaidika na kuvuka huko, na pengine mtu aliyepoteza.

2.0 Asili: mahali palipogeuka watu

Majina ya ukoo ya Kinorwe yana asili kuu tatu. Kundi la kwanza ni la majina yatokanayo na jina la baba. Amundsen maana yake ni mwana wa Amund, na Hansen ni mwana wa Hans. Msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa kiishio -sen kilifanya kazi ileile inayofanywa na "bin", na -datter ile ya "binti". Tofauti ni kwamba katika Norwe kiishio hicho kiliganda: tangu lini Roald Amundsen awe mwana wa Amund? Baba yake aliitwa Jens. Kundi la pili ni la majina ya mashamba, ambayo zamani yalifuata makazi kuliko damu, hata mtu aliyehama shamba aliweza kuhama pia na jina. Sheria ya majina ya 1923 ndiyo iliyozitaka familia zishike jina moja lisilobadilika. Kundi la tatu ni la majina yaliyoletwa kutoka nje na familia za makasisi, maofisa na wafanyabiashara wakati Norwe ilipotawaliwa na wafalme wa Denmark.

Sverdrup ni la kundi hili la tatu. Ukoo huo ulitoka Schleswig, kusini mwa rasi ya Jutland, ukaingia Norwe katika karne ya 17. Muundo wa jina unaonyesha wazi kwamba asili yake ni mahali. Sehemu ya pili, -drup, ni umbo la Kidenishi la neno la kale lenye maana ya kitongoji, ambalo kwa Kijerumani limekuwa Dorf, kama katika Düsseldorf, na kwa Kiingereza limebaki katika majina ya vijiji yaishiayo kwa -thorp. Katika Kidenishi, sauti /r/ iliyokuwa baada ya irabu imehamia mbele yake, konsonanti ya mwanzo ikalegea kuwa /d/, na irabu ikapanda kuwa /u/. Metathesisi hii imeacha mamia ya vijiji vya Denmark vinavyoishia kwa -drup, -rup au -trup. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuitwa Sverdrup aliitwa hivyo kwa sababu ileile iliyowafanya baadhi ya watu wa pwani yetu kuitwa Shirazi: jina lilisema wametoka wapi, au walau wanajinasibisha na wapi. Baada ya vizazi viwili vitatu, swali la wapi hufifia, likabaki la nani.

Katika Norwe akina Sverdrup walijulikana kwanza kwa elimu na siasa. Georg Sverdrup (1770–1850) alikuwa profesa wa Kigiriki, mkutubi wa kwanza wa chuo kikuu cha nchi hiyo, na mmoja wa marais wa bunge la Eidsvoll lililotunga katiba ya 1814. Johan Sverdrup (1816–1892) aliongoza mapambano yaliyoleta serikali inayowajibika kwa bunge mwaka 1884, akawa waziri mkuu hadi 1889. Jina lake sasa limepewa eneo kubwa la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, lililogunduliwa 2010 na kuanza kuzalisha 2019. Tutambue kwamba eneo hilo linaitwa Johan Sverdrup, kwa majina yote mawili. Aliyelipa jina hilo alijua kwamba Sverdrup peke yake lilikwisha kujaa.

3.0 Watu waliogeuka mahali

Aliyelijaza zaidi ni Otto Sverdrup. Alizaliwa 1854 huko Bindal, pwani ya kaskazini ya Norwe, akakulia baharini. Mwaka 1888 alikuwa mmoja wa watu sita walioivuka Greenland kwa ski wakiongozwa na Fridtjof Nansen. Kuanzia 1893 hadi 1896 alikuwa nahodha wa Fram, meli iliyojengwa makusudi iganishwe na barafu na kuchukuliwa na mkondo wa bahari kupita katikati ya Aktiki. Nansen alipoiacha meli ili ajaribu kuifikia ncha kwa miguu, Sverdrup ndiye aliyeirudisha pamoja na watu wote wakiwa hai. Katika mwaka wa kwanza wa safari hiyo, kisiwa kidogo kiligunduliwa katika Bahari ya Kara, kaskazini mwa Siberia, na Nansen akakipa jina la nahodha wake. Hicho ndicho Kisiwa cha Sverdrup cha Urusi, ambacho msomaji asikichanganye na visiwa tutakavyovizungumzia.

Visiwa hivyo ni matokeo ya safari ya pili ya Fram, 1898 hadi 1902, ambayo Otto Sverdrup aliiongoza mwenyewe. Akiwa na wenzake 15 alikaa misimu minne ya baridi kali katika eneo la kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada ya leo. Wawili kati yao, akiwamo daktari, hawakurudi. Kwa sledi zilizokokotwa na mbwa walipima na kuchora ardhi ipatayo kilomita za mraba 260,000. Mkuu wa upimaji alikuwa Gunnar Isachsen, ambaye jina lake pia limebaki ramani ile.

Na hapo ndipo utoaji majina unapovutia. Visiwa vikubwa vitatu walivyovikuta magharibi mwa Ellesmere waliviita Axel Heiberg, Ellef Ringnes na Amund Ringnes. Hao hawakuwa wafalme wala mabaharia. Ellef na Amund Ringnes walikuwa ndugu wenye kiwanda cha bia, na Axel Heiberg alikuwa mwenzao wa kifedha. Watatu hao ndio waliogharimia safari. Kisiwa cha Ellef Ringnes pekee kina zaidi ya kilomita za mraba 11,000, ambazo ni nyingi kuliko Unguja, Pemba na Mafia kwa pamoja. Kwa mtazamo wa onomastiki haya ni majina ya shukrani, na shukrani yenyewe ni ya kibiashara bila kificho. Kundi zima la visiwa ndilo lililokuja kuitwa Visiwa vya Sverdrup. Ndani yake kimo pia kisiwa cha Meighen, kilichopewa jina la mwanasiasa wa Kanada na Vilhjalmur Stefansson mwaka 1916, wakati ambapo Kanada nayo ilikuwa imeanza kuandika majina yake mahali pale.

Sverdrup wa pili ni Harald Ulrik, aliyezaliwa Sogndal mwaka 1888. Alikuwa wa ukoo uleule, lakini yeye na Otto hawakuwa baba na mwana wala ndugu wa tumbo moja. Huyu alikuwa mwanasayansi. Kuanzia 1918 hadi 1925 aliongoza kazi za kisayansi katika safari ya Amundsen ya meli ya Maud kwenye pwani ya Siberia, na katika kipindi cha baridi cha 1919 na 1920 aliishi kwa miezi kadhaa miongoni mwa Wachukchi, wafugaji wa paa-aktiki, kisha akaandika kitabu kuhusu maisha yao. Kuanzia 1936 hadi 1948 alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya Scripps huko California. Mwaka 1942 alitoa, pamoja na Martin Johnson na Richard Fleming, kitabu cha The Oceans, kilichokuwa msingi wa elimu ya bahari kwa miongo mingi. Aliporudi nyumbani alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya ncha za dunia hadi alipofariki, na alishiriki kuandaa safari ya pamoja ya Norwe, Uingereza na Uswidi huko Antaktiki, 1949 hadi 1952. Safari hiyo ilipima safu ya milima katika Ardhi ya Malkia Maud, na milima hiyo ikapewa jina lake.

Jina rasmi la Kinorwe la milima hiyo ni H.U. Sverdrupfjella. Herufi mbili hizo za mwanzo ni ushahidi muhimu. Zinatuambia kwamba hata Wanorwe wenyewe, wenye jina lao, waliona kwamba jina la ukoo halitoshi tena kumtambulisha mtu pindi linapoingia kwenye ramani. Ramani nyingi za Kiingereza zimeziacha herufi hizo, na mfasiri wetu alifuata Kiingereza. Kosa lake lilianzia hapo.

Kwa ukamilifu tuongeze kwamba mwezini, karibu na ncha ya kusini, iko kasoko iitwayo Sverdrup, na hiyo ni ya Otto. Yule mtu wa kaskazini amepewa kusini ya mwezi, na yule mwanasayansi aliyefanyia kazi zake nyingi kaskazini amepewa milima ya kusini ya dunia.

4.0 A-unganifu na dhana ya umiliki

Tukisema "Visiwa vya Sverdrup", tunasema nini hasa? A-unganifu ya Kiswahili inabeba uhusiano wa aina nyingi: umiliki (visiwa vya Sultani), asili, ujazo, na utambulisho tu (Visiwa vya Komoro). Kinorwe huambatanisha: Sverdrup + fjella, neno moja lisilo na alama ya umiliki. Kiingereza huweka jina mbele ya nomino bila kiunganishi. Lugha hizo mbili zinaweza kudai kwamba jina limetajwa kwa heshima tu na kwamba hakuna anayemilikishwa. Kiswahili hakina njia rahisi ya kukwepa hivyo.

Hata hivyo tunayo mifumo miwili. Kwa kitu kimoja kikubwa, hasa mlima, mto au ziwa, tunaweka nomino ya jumla na jina bega kwa bega: Mlima Meru, Mto Rufiji, Ziwa Tanganyika. Kwa makundi na kwa bahari tunatumia a-unganifu: Milima ya Usambara, Visiwa vya Shelisheli, Bahari ya Hindi, Ghuba ya Uajemi. Katika mfumo huu wa pili, jina linalofuata a-unganifu kwa kawaida ni la mahali au la watu wa mahali, mara chache la mtu mmoja. Msomaji wa Kiswahili asiye na habari za Otto, akikutana na "Visiwa vya Sverdrup" kando ya "Milima ya Usambara", atadhani kwamba Sverdrup ni nchi. Kwa matumizi ya leo atakuwa amekosea. Kwa historia ya jina amepatia: sarufi yake imemrudisha hadi kwenye kile kitongoji cha Schleswig bila yeye kujua.

Utata huo haukuwa wa kisarufi tu. Otto Sverdrup alipomaliza kazi yake mwaka 1902 alitangaza kwamba ameitwaa ardhi yote aliyoipima kwa niaba ya mfalme wa Norwe, ambaye wakati huo alikuwa Oscar II, mfalme wa Uswidi pia. Kwa Otto, a-unganifu ile ilikuwa ya umiliki kamili. Serikali yake haikulifuatilia dai hilo kwa bidii. Kanada, iliyokuwa imekabidhiwa na Uingereza haki zake katika visiwa vya Aktiki mwaka 1880, ilianza kuwa na wasiwasi hasa katika miaka ya 1920. Mwezi Novemba 1930 Norwe iliitambua mamlaka ya Kanada juu ya visiwa hivyo. Kanada nayo ilimlipa Otto Sverdrup dola 67,000 kwa ajili ya ramani, shajara na kumbukumbu zake. Alifariki tarehe 26 mwezi huohuo.

Ninaona kwamba malipo hayo yanastahili kuangaliwa na wanaisimu kuliko yanavyoangaliwa. Kilichouzwa ni maandishi. Ardhi ilikwenda Kanada, fedha zikaenda kwa Sverdrup, na jina likabaki palepale. Kuanzia siku hiyo, "vya" katika "Visiwa vya Sverdrup" ilipoteza maana ya umiliki na kubakiwa na maana ya kumbukumbu, wakati umbo lake halikubadilika hata kwa herufi moja. Badiliko la kisemantiki lenye tarehe na bei si jambo tunalokutana nalo kila siku.

5.0 Grise Fiord: walioitwa kwa nambari

Hadi hapa nimeandika kana kwamba ardhi ile haikuwa na watu wala majina kabla ya 1898. Wachora ramani waliandika hivyo pia. Kwa hakika wahenga wa Wainuit walikaa na kuwinda katika visiwa hivyo karne nyingi kabla, na mabaki ya nyumba zao yapo Ellesmere.

Katika pwani ya kusini ya Ellesmere, safari ya Otto Sverdrup iliita ghuba moja Grisefjorden, yaani ghuba ya nguruwe, kwa kuwa walarasi, wanyama wakubwa wa baharini wa jamii ya sili, walikoroma hapo kama nguruwe. Jina limebaki katika umbo la Kiingereza, Grise Fiord. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamishia sehemu hiyo familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, umbali wa takribani kilomita 2,000, pamoja na familia chache kutoka Pond Inlet. Waliahidiwa mawindo tele. Walikuta giza la miezi kadhaa ambalo hawakulijua kwao, na mazingira ambayo ujuzi wao wa uwindaji haukuyazoea. Serikali ilieleza kwamba nia ilikuwa ustawi wao. Waliohamishwa, na baadaye tume ya kifalme iliyotoa ripoti yake mwaka 1994, walieleza kwamba uwepo wao ulitumika kuthibitisha mamlaka ya Kanada katika Aktiki. Mwaka 2010 serikali iliomba radhi rasmi. Wainuit wenyewe huiita sehemu hiyo Aujuittuq, mahali pasipoyeyuka.

Kwa upande wa onomastiki, tofauti kati ya majina hayo mawili ni kubwa. Grise Fiord ni jina la tukio: kuna watu walipita, wakasikia sauti, wakacheka, wakaendelea na safari. Aujuittuq ni jina la hali, limetolewa na watu waliolazimika kubaki hapo mwaka mzima.

Lakini linaloumiza zaidi ni majina ya watu hao wenyewe. Kwa desturi ya Kiinuit mtoto hupewa jina la marehemu, na kwa jina hilo hurithi uhusiano wa marehemu na walio hai. Bibi anaweza kumwita mjukuu wake "mama" kwa sababu ya jina alilopewa. Jina halionyeshi jinsi, na halina nyongeza ya ukoo. Maofisa wa Kanada walishindwa kuuandika mfumo huo katika fomu zao. Kuanzia miaka ya 1940 kila Muinuit alipewa kidani kidogo cha duara chenye nambari, iliyoanza kwa herufi E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi, na nambari hiyo ikatumika katika kumbukumbu za serikali mahali pa jina la ukoo. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kipande kilichoning'inizwa shingoni mwa wazee wetu. Sina la kuongeza juu ya hilo. Kati ya 1968 na 1971 mpango wa serikali ulimtuma Abraham Okpik, mwenyewe Muinuit, azungukie vijiji vya Aktiki ili kila familia ichague jina la ukoo. Nambari zikaondolewa taratibu.

Tuyaweke basi mambo haya pamoja. Mwaka 1953, katika visiwa vilevile, kisiwa kizima kilibeba jina la kwanza na la ukoo la mfanyabiashara wa bia ambaye hakukikanyaga, na mtoto aliyezaliwa kando yake alitambuliwa na dola kwa herufi na tarakimu. Ardhi ilikuwa na ukoo, watu hawakuwa nao. Nadharia inayosema kwamba jina la pekee ni lebo tupu isiyo na maana, ila ya kurejelea tu, inapaswa kutueleza kwa nini basi lebo hizo ziligawanywa kwa namna hiyo.

Tangu Nunavut ilipoundwa tarehe 1 Aprili 1999, jina ambalo lenyewe lina maana ya ardhi yetu, majina ya Kiinuktitut yamekuwa yakirejeshwa kwenye ramani rasmi. Visiwa vya Sverdrup bado vinaitwa hivyo. Sisi tuliokibadilisha kilele cha Kaiser Wilhelm kuwa Uhuru, na papo hapo tukaliacha Ziwa Viktoria na jina lake, hatuna msimamo wa kumfundisha mtu katika jambo hili.

6.0 Upatanisho wa kingeli na kipimo kiitwacho sverdrup

Hatua ya mwisho ya safari ya jina ni ya kuingia katika kundi la nomino za kawaida. Wanasayansi wa bahari walihitaji kipimo kikubwa cha wingi wa maji yanayopita mahali kwa sekunde, wakakiita kwa jina la Harald. Sverdrup moja ni mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Mito yote ya dunia kwa pamoja humwaga baharini kiasi cha sverdrup moja na kidogo. Mkondo unaopita mlango-bahari wa Florida una sverdrup zipatazo 30, na ule unaozunguka Antaktiki una zaidi ya 130. Katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, jirani na pwani yetu, maji yanayoelekea kusini yamepimwa kuwa kati ya sverdrup 15 na 20 kwa wastani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomzidi mwenye jina. Tuangalie mifano ifuatayo:

(1) Sverdrup alionekana kwa mbali.
(2) Sverdrup kilionekana kwa mbali.
(3) Sverdrup vilionekana kwa mbali.
(4) Sverdrup ilionekana kwa mbali.
(5) Sverdrup 30 zilipita.

Katika (1) ni mtu, na katika (2) ni kisiwa cha Bahari ya Kara. Katika (3) ni visiwa vya Kanada, katika (4) ni milima ya Antaktiki, na katika (5) ni maji. Jina halijabadilika popote. Nomino ya jumla iliyodondoshwa (kisiwa, visiwa, milima) imeacha ngeli yake katika kitenzi. Kiingereza kingelazimika kuirudisha nomino hiyo, au kutegemea muktadha. Mfano wa (5) ni tofauti na mingine yote, kwa kuwa hakuna nomino iliyodondoshwa. Kipimo kimeingia chenyewe katika ngeli ya I-ZI, ambamo nomino nyingi za kukopwa huingia, na kwa kufanya hivyo kimekoma kuwa jina la pekee. Hiki ndicho kigezo ninachokipendekeza: jina la mtu limekuwa nomino ya kawaida katika Kiswahili pale linapopatana na kitenzi kwa ngeli yake lenyewe, si kwa ngeli ya neno lililofichwa, wala kwa ngeli ya A-WA.

Kigezo hicho kinatusaidia katika tahajia pia. Majina ya pekee ya kigeni huhifadhi tahajia yake, lakini nomino za kawaida hutoholewa. Watt alikuwa mtu, nasi tunasema wati; Volta alikuwa mtu, nasi tunasema volti; Diesel amekuwa dizeli hata kwa fundi ambaye hajapata kulisikia jina la mtu huyo. Kwa mantiki hiyohiyo, kipimo cha Harald kingepaswa kutoholewa ili kifuate silabi wazi za Kiswahili. Ugumu ni kwamba jina lenyewe ni la konsonanti tupu, karibu: /sv/ mwanzoni, /rdr/ katikati, /p/ mwishoni. Utohozi kamili unatoa kitu kama sivadirupu, neno la silabi tano ambalo msomaji wa fani hatalitambua na mtu wa mtaani hatalihitaji. Wati na volti zilitoholewa na vinywa vya watumiaji, kwa sababu zilifika dukani. Sverdrup haijafika dukani. Kwa sasa ninashauri iandikwe sverdrup, kwa herufi ndogo ya mwanzo na kwa tahajia ya asili, ikipatanishwa na ngeli ya I-ZI. Nashauri pia isifupishwe kuwa Sv bila maelezo, kwa sababu ufupisho huohuo ni wa sievert, kipimo cha athari ya mionzi kilichopewa jina la Mswidi Rolf Sievert, na mwanafunzi anayesoma fizikia na elimu ya bahari kwa pamoja atakutana na vyote viwili.

Katika mswada ule niliandika pembeni: Visiwa vya Otto Sverdrup (Kanada); Milima ya H.U. Sverdrup (Antaktiki); sverdrup 30 hupita hapa kila sekunde. Tanbihi niligawanya mara mbili. Mhariri aliyepokea mswada baada yangu alikubali yote isipokuwa herufi ndogo katika kipimo, ambayo aliirudisha kuwa kubwa, akisema kwamba jina la mtu ni jina la mtu.